Aliyesema Kata

Kiwandani walimwita Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa ukali wa mdomo, ingawa huo nao alikuwa nao wa kumtosha na kubakiza. Alilipata kwa sababu alikuwa mkataji. Wenzake walikaa kwenye cherehani kutwa nzima wakishona kola na mifuko ya sare za shule. Yeye alisimama kwenye meza ndefu ya kukatia, kitambaa kimetandikwa mbele yake tabaka juu ya tabaka, na akikosea pale juu, kosa linashuka na kisu mpaka tabaka la chini kabisa. Kazi hiyo haimtaki mtu wa papara. Haimtaki pia mtu wa kusahausahau, na Mkasi, wanaomjua watakubaliana nami, hajawahi kusahau kitu.

Ufundi aliuanza angali msichana, kwa shangazi yake aliyekuwa akishona mapazia sebuleni. Alipoolewa akaingia kiwanda cha sare, jengo refu la bati lenye madirisha karibu na dari na vumbi la nyuzi lililomfuata kila mtu mpaka nyumbani. Huko ndiko alikokutana na Mzee Futi, msimamizi wa meza ya kukatia, ambaye futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake hata siku anayokwenda kumwona daktari.

Mzee Futi alikuwa na sheria moja ambayo bosi mwenyewe hakuthubutu kuigusa. Aliyetandika kitambaa haruhusiwi kutia kisu kwa macho yake peke yake. Lazima mtu wa pili aizunguke meza, ainue pembe za kitambaa, apitishe kiganja, ahesabu na kutazama, kisha aseme kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye cherehani za mwisho: "Kata." Hapo ndipo mashine inawashwa. Kitu kikiharibika, bosi haulizi nani alishika kisu. Anauliza, "Nani alisema?" Neno lile halikuwa la kila mdomo. Mtu alifanya kazi miaka kabla hajaruhusiwa kulitamka, na Mkasi aliporuhusiwa siku ya kwanza alirudi nyumbani akitembea kama aliyepewa cheo na serikali.

Kila mtu alijua kwamba Mzee Futi akiondoka, kiti chake ni cha Mkasi. Taabu ni kwamba Mzee Futi alikuwa anakwenda kustaafu kwa mwendo wa kinyonga. Kila mwaka alisema ndio wa mwisho, na kila mwaka ulimkuta palepale, futi shingoni, anafoka.

Sasa tumtazame wifi, maana bila wifi hakuna cha kusimulia. Alikuwa dada mdogo wa mume wa Mkasi. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwenye nyumba ya wazazi wao, ambayo Mkasi na mumewe walikuwa wakiishi, akapewa vyumba viwili vya uani. Mkasi ndiye aliyemwombea kazi kiwandani. Mkasi ndiye aliyemtoa kwenye kola akamvuta mezani, akamfundisha kushika chaki, akamfundisha kutandika. Walikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja, na watu waliwasifu kwa kupatana, kwani mawifi wa kupatana hawapatikani ovyo.

Ikaja karakana mpya upande wa pili wa mji, ya kushona shuka na foronya za hoteli. Walitaka mkataji mzoefu na walikuwa tayari kulipa vizuri kuliko kiwanda cha sare. Wakamtafuta Mkasi. Naye, aliyekuwa hodari wa kuamua mambo ya wenzake, akashikwa na kigugumizi kwa lake mwenyewe. Wakati huo Mzee Futi alikuwa nyumbani amelala chali, mgongo umemkamata, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

"Wifi, unasubiri nini?" wifi alimuuliza jioni moja wakianua nguo. "Yule mzee atakuzika wewe kwanza. Watoto wanataka ada, kaka mafriji anayotengeneza siku hizi hata hayamlipi vizuri. Mtu anakuletea riziki mlangoni, wewe unaangalia futi ya babu wa watu!"

"Nimeizoea meza yangu, wifi."

"Meza ni mbao. Nenda ukapate hela."

Mumewe naye, fundi wa mafriji, mtu mpole asiyependa makelele, alisema mshahara ni mshahara. Basi Mkasi akaaga. Bosi alinuna, akamwambia tu, "Umeamua wewe," na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache Mkasi hakuona ajabu.

Mwezi haukwisha. Habari ikaingia uani ikiwa imebebwa na mwenye nayo: Mzee Futi amestaafu, na kiti amepewa wifi. Alikuja na soda mkononi, machozi yanamlengalenga. "Hata mimi nimeshangaa, wifi. Ungekuwepo, si kingekuwa chako? Lakini ndiyo bahati, haina mwenyewe." Mkasi akanywa soda, akatoa meno yote nje kwa tabasamu, akasema hongera. Usiku ule alijiambia kwamba bahati mbaya haina wa kulaumiwa, na akajilazimisha kuamini.

Kuamini kwenyewe kukawa kugumu, kwa sababu ya foronya. Foronya ni nini? Ni mstari ulionyooka, kona, mstari ulionyooka. Mwanamke aliyekuwa akikata kola zikakaa shingoni bila kukunjamana, sasa anakata pembe nne kuanzia asubuhi mpaka jioni, na msimamizi wake ni kijana anayetafuna bablishi na kumwita "mama". Mshahara ulikuja kweli, tena mnono. Ada ikalipwa, kochi jipya likanunuliwa, na mumewe akawa anaimba bafuni. Mkasi alikaa kwenye lile kochi akaona limemkalia yeye.

Siku aliyokwenda zahanati kuchukua dawa ya presha, nani yuko kwenye benchi la foleni? Mzee Futi, na fimbo, na futi yake shingoni.

"Wewe mtoto," mzee alimkaripia kabla hata ya salamu, "kwa nini hukunisubiri?"

"Nikusubiri nini, mzee? Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Ujumbe wangu ulipata, ukaudharau. Mimi hilo limeniuma kuliko mgongo."

Mkasi akakaa kando yake kwenye benchi. "Ujumbe gani?"

"Si nilimtuma wifi yako! Alipokuja kunijulia hali. Nikamwambia, mwambie Mkasi asiende kokote, mwisho wa mwezi huu natoka, na bosi nimeshamwambia ni yeye. Kesho yake akarudi akaniambia, nimemwambia, mzee, amekataa. Anasema mshahara wetu ni wa kununulia maji ya kunawa."

"Nilisema hivyo?"

"Ndivyo alivyoniambia. Na bosi ndivyo alivyoambiwa."

Jina la Mkasi liliitwa dirishani mara mbili, na mara ya pili muuguzi ilibidi atoke nje. Presha waliyompima siku hiyo ilimfanya daktari aangalie kipimo kama kimeharibika.

Nyumbani alimwambia mumewe. Mumewe akakuna kichwa. "Mzee yule hutafuta miwani na huku ameivaa. Una uhakika?"

"Nina uhakika kama ninavyokuona."

"Basi yamepita, mama watoto. Ni dada yangu, nimfanyeje? Na hela si tunapata?"

"Yamepita kwako," Mkasi alisema, na hilo jambo hakulitaja tena mbele yake.

Wala wifi hakumuuliza kitu. Wengi wangekwenda uani wakapiga kelele mpaka majirani watoke. Mkasi alijua kelele zinavyokwisha: wifi atalia, ataapa kwa marehemu mama yao, mume atawaita sebuleni kuwapatanisha, na mwisho wake ni kupeana mikono. Yeye hakutaka mikono. Alitaka wifi aanguke kutoka kwenye kile kiti, mbele za watu, aangukie pua. Alilitaka hilo asubuhi akipiga mswaki na alilitaka jioni akikosha vyombo. Akikata foronya alikuwa anamkata wifi. Na bado wakikutana bombani alimsalimia kwa sauti tamu, akamsaidia kujitwisha ndoo. Wifi sasa alikuwa anavaa futi shingoni hata akianika nguo, na Mkasi alikuwa akiitazama ile futi kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia ndani.

Jumapili moja mchana wifi alibisha hodi, akakaa kwenye kochi jipya, akalisifia. Aliposifia na mapazia, ambayo yalikuwa yaleyale ya miaka yote, Mkasi akajua kuna jambo.

"Wifi, nimekwama," alisema mwishowe. "Bosi amepata kazi ya ukumbi wa harusi. Mapazia ya ukumbi mzima, na vitambaa vya viti. Mahameli nyekundu. Mimi nimezoea kaki na tetroni, mahameli sijawahi kuitia kisu."

"Na Mzee Futi?"

"Hawezi kusimama. Mezani nina wasichana wapya, hakuna hata mmoja anayeweza kusema. Bosi mwenyewe amesema, kamwite Mkasi aje aseme. Akisema yeye, mimi nitalala usingizi. Njoo Jumamosi, wifi. Kwa ajili yangu."

Mkasi akanyoosha kitambaa cha kochi kwa kiganja. "Kwa ajili yako," alisema, "nitakuja."

Jumamosi karakana ya foronya ilifunga mchana, naye akaenda. Mafundi walimpokea kwa vigelegele, wengine wakaacha cherehani wakaja kumkumbatia. Bosi alitoka ofisini, akampa mkono, akarudi kwenye simu yake. Mezani mahameli ilikuwa imeshatandikwa, nyekundu, nene, imejaa urefu wote wa meza. Wifi alisimama kando, chaki mkononi, jasho puani.

Mkasi akaanza kuizunguka. Akainua pembe ya kwanza. Akapitisha kiganja, kikateleza. Akainua tabaka la pili, akapitisha kiganja, vinyweleo vya kitambaa vikamkwaruza. La tatu likateleza. La nne likakwaruza.

Hapo hapo akajua. Wifi alikuwa ametandika kama walivyokuwa wakitandika kaki miaka yote: unavuta jora mpaka mwisho wa meza, unakunja, unarudi nalo, unakunja, unakwenda nalo. Kwa kaki hakuna ubaya, upande huu na ule ni mamoja. Mahameli ina vinyweleo, na vinyweleo vina mwelekeo. Ukiitandika kwa kwenda na kurudi, nusu ya vipande vinatazama juu na nusu vinatazama chini, na ukivitundika pamoja kwenye mwanga, hiki kitang'aa na jirani yake ataonekana amefifia. Jora linatakiwa likatwe kila linapofika mwisho wa meza, lirudishwe, lianze upya upande uleule. Shangazi yake alimfinya sikio kwa kosa hilo alipokuwa bado anasuka nywele mabutu.

Kilichotakiwa kusemwa kilikuwa kifupi: tandueni, tuanze upya. Kazi ya alasiri moja.

Alifikiri kuhusu bosi, ambaye hakuwa amemkosea kitu zaidi ya kununa. Alifikiri kuhusu mafundi waliompigia vigelegele, ambao kazi ikirudishwa watashona saa za ziada bure. Nisiwadanganye kwamba hakuwafikiria. Aliwafikiria, akawasogeza kando. Kisha akamtazama wifi, na wifi akamtazama kwa macho yale ya mtoto anayesubiri kusahihishiwa daftari, na shingoni ile futi. Mkasi akaona jinsi alivyoanua nguo jioni ile na kuambiwa meza ni mbao.

Cherehani zilinyamaza, maana wote walitaka kumsikia tena.

"Kata," alisema Mkasi, kwa sauti yake ileile ya zamani.

Mashine ikawashwa. Alisimama akatazama kisu kinavyoingia, na nitasema ukweli, alisikia utamu.

Mapazia yalitundikwa ukumbini, mwenye ukumbi akawasha taa zake zote, na ukuta mzima ukaonekana kama umeshonwa viraka: nyekundu, nyeusinyeusi, nyekundu, nyeusinyeusi. Mwenye ukumbi alipiga kelele ambazo watu wa mtaa wa pili walizisikia. Kazi yote ikarudishwa. Aliyesema hakuwa tena mtu wa kiwanda, kwa hiyo bosi alimwita wifi, msimamizi wa meza, mbele ya kila mtu, akamvua futi kwa mkono wake, akamrudisha kwenye kola. Kwa wiki nzima mafundi walishona bure, na habari hizo zote Mkasi alizipata uani, kutoka kwenye kinywa cha wifi mwenyewe, akiwa amevimba macho.

Ingekwisha hapo, Mkasi angekuwa amelala usingizi mzuri mpaka leo. Lakini wifi akamshika mkono, akasema, "Usijilaumu, wifi. Hata wewe hukuona. Foronya zimekuharibu macho. Mtu akikata kitu kimoja kila siku, ufundi unatoka. Mimi sikulaumu kabisa."

Anamhurumia! Aliyemla kichwa anamhurumia! Mkasi aliutoa mkono wake polepole, akasema ana nguo za kupiga pasi. Hakupiga pasi. Alikaa kitandani amekunja ngumi. Kisasi alikuwa amekilipa, na aliyelipwa hana habari. Kiwanda kizima, watu waliokuwa wakilingoja neno lake kama amri, sasa wanasema maskini, Mkasi macho yamekwisha.

Siku chache baadaye bosi alimpigia simu aje. Alimkuta amesimama mezani, si ofisini, na wifi yuko kwenye cherehani ya karibu, kichwa chini, anashona kola. Futi aliyovuliwa wifi ilikuwa imewekwa juu ya meza.

"Kiti kiko wazi," alisema bosi. "Tangu mwanzo nilikitaka kiwe chako. Mshahara wa huko kwenye foronya nitaufikia. Lakini neno lilisemwa hapa, na aliyelisema ni wewe. Mafundi wameshona bure kwa ajili ya neno lako, siwezi kukuweka juu yao bila kukuuliza kwa niaba yao." Akakohoa. Alikuwa mtu asiyependa kugombana. "Hii taa ya juu imekuwa ikinisumbua. Siku ile nafikiri ilikuwa inazimazima. Mtu yeyote angeweza asione. Ndivyo ilivyokuwa, sivyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango na kumshikilia kitasa. Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Mkasi aliitazama ile futi, akaitazama meza aliyoisimamia nusu ya umri wake. Alikitaka kile kiti, Mungu anajua. Cherehani ziliendelea kuunguruma, ila moja. Wifi alikuwa ameacha kushona ili asikie, na usoni alikuwa na ile huruma yake.

"Taa ilikuwa inawaka vizuri," alisema Mkasi. "Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona imetandikwa kwa kwenda na kurudi. Niliona tangu tabaka la pili. Nikasema kata."

Bosi hakufoka, na afadhali angefoka. Aliichukua futi, akaizungusha kidoleni mpaka ikawa duara, akaitia mfukoni. "Basi nenda," alisema.

Mkasi alitoka kichwa juu. Moyoni alikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu zahanati: sasa wanajua, wote wanajua, hakuna atakayemwita kipofu. Nyuma yake alisikia ndala zinakimbia. Wifi alimfikia getini, anahema.

"Uliona."

"Niliona."

"Kwa sababu ya ujumbe wa yule mzee."

"Kumbe unaukumbuka," alisema Mkasi. "Nilitaka ujue. Ulinitoa kwenye kiti changu, na mimi nimekutoa. Tumelingana."

Wifi hakulia wala hakuapa. Alimtazama Mkasi kama anayetazama mtu aliyetupa sahani pamoja na chakula.

"Wewe mwanamke," alisema, "ungeitikia tu hiyo taa. Ungekaa pale juu yangu. Kila siku ningekuja kukuomba ruhusa ya kwenda chooni, ungenirudishia kola nizifumue, ungeninyima likizo, mpaka nizeeke, na nisingeweza kusema kitu kwa sababu najua nilichokufanyia. Tangu bosi aliposema anakuita, sijala. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa."

Kisha akageuka, akarudi ndani kwenye kola zake, akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Mkasi alikuwa amefikiri miezi mingapi, foronya baada ya foronya, kila namna ya kumwumiza yule mwanamke, na hilo halikumjia hata mara moja. Alibaki amesimama pale getini, mdomo wazi, mpaka mlinzi alipomwomba asogee, gari la vitambaa linataka kuingia.